Baiskeli nyepesi ya umeme kwa mteremko mkali: itazame mota na matairi kabla ya mizani

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, ninaishi na kufanya kazi Freiburg, Ujerumani, na nina uzito wa kilo 85. Mwisho wa wiki hupanda kilele cha Rosskopf kwa baiskeli yangu ya enduro (ya milimani, iliyotengenezwa kwa miteremko mikali) isiyo na mota, kisha nikateremka kwa njia ya Borderline, na nikishafika chini mara moja miguu haitaki tena kupanda. Nimejaribu baiskeli za umeme za kilo 24 nikaona haziinuki wala hazigeuki ninavyotaka. Nasikia ziko nyepesi zenye mota ndogo. Je, zinahimili mawe na mirukio? Betri yake itanipandisha mara ngapi? Na je, nikija nyumbani likizo, naweza kuja nayo?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa mtu anayepanda ili apate kuteremka, na ambaye bado ana miguu ya kusaidiana na mota, baiskeli nyepesi ya umeme inafaa, na kwa maelezo yako itakufaa kuliko ile ya kilo 24. Hata hivyo nakuomba uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya duka uutazame mwisho kabisa, kwa sababu mara nyingi wepesi huo umepatikana kwa kupunguza vitu ambavyo Borderline itakudai tangu siku ya kwanza.

Baiskeli za umeme za milimani zenye nguvu kamili, kama zile zilizotumia mota za Bosch Performance Line CX au Shimano EP8 katika miaka iliyopita, zilikuwa na nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 85, betri ya wati-saa 600 hadi 800, na uzito wa kilo 22 mpaka 26. Kundi jepesi kwa kawaida lina mota ya takriban kilo 2, nguvu ya kuzungusha kati ya nyutoni-mita 35 na 60, betri ya wati-saa 320 hadi 430, na uzito wa kilo 17 mpaka 20. Specialized ndiyo iliyolipa kundi hili umaarufu mwaka 2020 kwa Turbo Levo SL, iliyokuwa na nyutoni-mita 35 tu na betri ya wati-saa 320. Mwaka uliofuata ikaitia mota hiyohiyo kwenye Kenevo SL, ambayo foki yake (uma wa mbele wenye shokapu) na shokapu ya nyuma zote zina mwendo wa milimita 170, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda linapogonga kitu, na hapo ikadhihirika kwamba wepesi na enduro ya kweli vinaweza kukaa kwenye fremu moja. Mwaka 2022 zikaja mota mbili za Kijerumani: TQ HPR50 ndani ya Trek Fuel EXe, yenye nyutoni-mita 50 na wati 300, na Fazua Ride 60, yenye nyutoni-mita 60, wati 450 na betri ya wati-saa 430. Mwaka 2023 Bosch ikaleta Performance Line SX, yenye nyutoni-mita 55, wati 600 na betri ya wati-saa 400.

Wauzaji wengi watakuonyesha wati hizo 600 za Bosch kando ya wati 300 za TQ na kukuambia kwamba moja ina nguvu maradufu ya nyingine. Hapo inabidi tufanye hesabu ndogo. Nguvu kwa wati ni nyutoni-mita zikizidishwa kwa kasi ya mzunguko. Ukipiga pedali mizunguko 55 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya mtu anayekokota gia nzito kwenye mlima wenye mizizi, nyutoni-mita 55 za Bosch SX zinakupa takriban wati 317, na nyutoni-mita 50 za TQ zinakupa takriban 288. Kwa mguu wako tofauti hiyo ni ndogo. Wati 600 zipo, lakini zinaanza kupatikana ukivuka mizunguko 100 kwa dakika, kasi ambayo waendeshaji wengi hawaifikii isipokuwa wamejizoeza. Fazua Ride 60 inafika wati zake 450 kwenye mizunguko kama 72, na kwa sababu hiyo waliozoea kupiga pedali polepole huiona ina nguvu kuliko mwenzake anayeonekana mkubwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo kabla hujaingia dukani, jipime. Panda Rosskopf kwa baiskeli uliyonayo na uhesabu mizunguko ya mguu mmoja kwa nusu dakika, kisha uzidishe kwa mbili. Ukipata 80 au zaidi, Bosch SX itakufurahisha. Ukipata 60, itafute Fazua, au ukubali kubadili mazoea yako na kushusha gia mapema. Ukipenda kupanda zile sehemu za mawe makubwa ambazo watu wengi hushuka na kusukuma, mahali ambapo pedali inazunguka polepole na mota inatakiwa ivute kwa ghafla, hapo nyutoni-mita 85 na zaidi hazina mbadala, na hakuna mota nyepesi kati ya hizi nilizozitaja itakayokufanyia kazi hiyo sawasawa.

Sasa betri. Freiburg mjini ni takriban mita 280 juu ya usawa wa bahari na Rosskopf ni mita 737, kwa hiyo kila mzunguko unapanda kama mita 450. Wewe ni kilo 85. Tuseme mkoba, kofia, viatu na maji ni kilo 5, na baiskeli ni kilo 18.5. Kuinua kilo 108.5 kwa mita 450 kunahitaji nishati ya takriban wati-saa 133. Ongeza msuguano wa matairi manene kwenye udongo kwa kilomita kama sita za kupanda, nao ni wati-saa 35 hivi, jumla 168. Ukitoa wewe wati 150 na mota ikatoa 150, mtafika juu kwa dakika 34 hivi, nusu ya kazi ikiwa yako na nusu ya mota, yaani wati-saa 84. Lakini mota na mfumo wake wa umeme hupoteza sehemu ya nishati kama joto, hivyo betri itatoa zaidi, takriban wati-saa 105 hadi 110. Kwa betri ya wati-saa 400 utapanda mara tatu na kubakiwa na akiba ya kurudia nyumbani. Kwa ile ya 320, mara ya tatu ni ya wasiwasi. Ukiwasha kiwango cha juu kabisa cha msaada na wewe ukatoa wati 100 tu, mara hizo tatu zinakuwa mbili. Baridi ya Januari nayo inapunguza.

Utaona kwamba katika hesabu hii uzito wa baiskeli una mchango mdogo sana. Nikiweka baiskeli ya kilo 24 mahali pa ile ya 18.5, nishati ya kupanda inaongezeka kwa wati-saa 7 hivi tu. Ndiyo maana nasema wepesi hautafutwi kwa ajili ya kupanda, maana kupanda kuna mota. Unatafutwa kwa ajili ya kuteremka, kunyanyua gurudumu la mbele, na kuibeba baiskeli ngazini.

Betri za ziada zinazokaa mahali pa chupa ya maji zinasaidia: za Specialized na TQ ni wati-saa 160, ya Bosch ni 250 na ina uzito wa kilo 1.6. Ninazipenda kwa sababu siku ya mizunguko miwili unaiacha nyumbani, na siku ya safari ndefu unaibeba. Mwenye betri ya wati-saa 800 anaibeba yote hata akienda kuruka nusu saa baada ya kazi.

Tuje kwenye mteremko, ambao ndio kiini cha swali lako. Baiskeli ya kilo 18.5 inanyanyuka mbele kwa mvuto mdogo wa mikono na nyonga, inaruka mzizi bila maandalizi marefu, na kwenye kona za kubana inakubali kubadilishwa mwelekeo katikati ya kona, jambo ambalo baiskeli ya kilo 24 hulikataa au hulifanya kwa kuchelewa. Breki nazo zinapumua. Hayo umeshayahisi mwenyewe. Lakini kuna upande ambao watangazaji hawausemi: magurudumu, matairi, diski na kaseti ni uzito usiobebwa na shokapu, nao karibu unalingana kwenye baiskeli zote mbili. Kinachotofautiana ni uzito ulio juu ya shokapu. Gurudumu linapogonga jiwe, fremu nzito inasogea kidogo na kuiachia shokapu ifanye kazi yake. Fremu nyepesi inarushwa zaidi. Kwenye mteremko ulionyooka wenye mawe mfululizo, baiskeli nzito hutulia kuliko nyepesi, na mtu mwenye haki lazima akiri hivyo. Katika mashindano ya enduro ya baiskeli za umeme wengi huchagua mota kubwa na betri kubwa, na sababu si milima peke yake.

Kwa hiyo shokapu ya baiskeli nyepesi inataka kupangwa kwa uangalifu zaidi. Anza na shinikizo linaloifanya shokapu ya nyuma izame asilimia 28 hadi 30 ya mwendo wake unapokaa juu yake ukiwa na vifaa vyako vyote. Kizuizi cha kushuka, yaani kirekebishi kinachopunguza kasi ya shokapu inapobanwa, kifungue zaidi kidogo kuliko anavyofanya rafiki yako mwenye baiskeli nzito, na usinakili namba zake za hewa hata kama mna kilo sawa, kwa sababu fremu na viungo vyake vinazidisha nguvu kwa uwiano tofauti. Kisha teremka sehemu ileile mara kadhaa ukibadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Sasa gramu. Ukiwa dukani, bonyeza ubavu wa tairi la nyuma kwa kidole gumba. Likikubali kama tairi la baiskeli ya mjini, hapo ndipo kilo ilipoibiwa. Baiskeli nyingi za kundi hili hupimwa zikiwa na matairi ya ubavu mwembamba, kwa mfano Maxxis wanayoyaita EXO, ilhali mteremko wa mawe kwa mtu wa kilo 85 unataka ubavu wa tabaka mbili, kama DoubleDown wa kampuni hiyohiyo. Tofauti yake huweza kufika gramu 250 hadi 300 kwa tairi moja. Wapo wanaotia hewa nyingi kwenye tairi jembamba ili rimu isigonge jiwe. Wanaokoa rimu na kupoteza mshiko, na mwishowe wanaanguka kwenye kona yenye changarawe huku wakiilaumu baiskeli.

Foki nayo itazame. Yenye nguzo za kipenyo cha milimita 34 haifai kwa unachofanya, hata kama ina mwendo wa kutosha. Za milimita 36, kama Fox 36, zinatosha kwa mwendo wa milimita 150 na 160. Za milimita 38, kama Fox 38 au RockShox ZEB, ndizo ningependa kwa milimita 170, ingawa zinaongeza gramu mia mbili au tatu. Breki ziwe za pistoni nne, na diski ya mbele isipungue milimita 200. Pedali kwa kawaida hazihesabiwi kwenye uzito wa karatasi, nazo ni karibu gramu 400. Ukijumlisha yote hayo, baiskeli iliyoandikwa kilo 17.5 itakuwa karibu kilo 19 siku utakayoiteremsha Borderline bila woga. Hiyo kilo 19 ndiyo ya kulinganisha na nyingine, na ukimwona muuzaji anakataa kuipima mbele yako ikiwa na pedali, jiulize kwa nini.

Katika zile zinazokidhi masharti haya, Mondraker Dune yenye Bosch SX ina mwendo wa milimita 165 nyuma na 170 mbele, na kwa mtazamo wangu ndiyo iliyo karibu zaidi na unachoeleza. Santa Cruz Heckler SL yenye Fazua ina 150 nyuma na 160 mbele, gurudumu dogo nyuma, na inageuka vizuri mno, lakini kwa mirukio mikubwa ningebadilisha matairi siku hiyohiyo. Kenevo SL ya mtumba inapatikana kwa bei nzuri na shokapu zake hazina mpinzani. Tatizo ni mota ya nyutoni-mita 35, ambayo itakuachia sehemu kubwa ya mlima. Trek Fuel EXe ina mota tulivu kuliko zote nilizozitaja, huwezi kuisikia mita chache nyuma ya mwenzako, ila kwa milimita 140 nyuma ni baiskeli ya njia za kawaida kuliko enduro.

Mwezi Julai 2024 DJI, kampuni inayojulikana kwa ndege zisizo na rubani, ilitangaza mota ya Avinox pamoja na baiskeli ya Amflow PL. Mota hiyo ina uzito wa kilo 2.52, nyutoni-mita 105 kwa kawaida na 120 kwa muda mfupi, na kampuni inatangaza kilo 19.2 kwa baiskeli nyepesi zaidi ya toleo hilo. Takwimu hizo zimewafanya watu waulize kama kundi jepesi lina sababu ya kuendelea kuwapo. Mimi naona sababu ipo, ila imekuwa nyembamba: ukimya, bomba la fremu lisilonenepa, na hisia kwamba ni wewe unayeendesha baiskeli. Anayetaka nguvu kwa uzito wa wastani ana jibu jipya. Anayetaka baiskeli yake ya zamani ya enduro ipande mara tatu badala ya moja, bado nitampeleka kwenye mota ndogo.

Sheria isikupite. Katika Umoja wa Ulaya mota ya baiskeli inayohesabiwa kuwa baiskeli ina kipimo rasmi cha wati 250 za kuendelea, ingawa kwa muda mfupi inaruhusiwa kutoa zaidi, na msaada wake hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Marekani baiskeli za daraja la kwanza husaidiwa mpaka maili 20, yaani kilomita 32 kwa saa, kwa hiyo ukisoma maoni ya waendeshaji wa Marekani wanaosifu mwendo wa tambarare, elewa kwamba kwako msaada huo utakuwa umekwisha zamani. Hapa tena wepesi unalipa: juu ya kilomita 25 baiskeli ya kilo 19 unaiendesha kwa miguu, ya kilo 25 unaisukuma kwa roho. Usikubali fundi aifungue kwa programu ili ipite kasi hiyo; kisheria inageuka chombo cha moto kisichosajiliwa, na ajali ikitokea bima haitakuwa upande wako. Na jimbo lako la Baden-Württemberg linakataza baiskeli zote, zenye mota na zisizo na mota, kwenye njia za msituni zenye upana chini ya mita mbili isipokuwa zilizotengwa, kama Borderline yenyewe.

Uliza pia kama betri inatoka bila kufungua mota. Kama unaishi ghorofani na baiskeli inalala kwenye chumba cha chini kisicho na soketi, betri iliyofungwa ndani ya fremu itakugeuza mbebaji wa kila jioni. Betri ya Fazua Ride 60 na ya Bosch SX huweza kutoka au kufungwa ndani, kutegemea mtengenezaji wa fremu alivyoamua, hivyo jibu linatofautiana kwa kila baiskeli. Usipoitumia kwa wiki kadhaa, iache ikiwa na chaji kati ya asilimia 30 na 60, mahali pakavu pasipo baridi kali.

Kuhusu nyumbani, jibu ni gumu. Betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, si kwenye begi la mkononi wala mizigo ya chini, na mashirika yote makubwa yanafuata kanuni hiyo. Betri ya baiskeli yoyote niliyoitaja inapita kipimo hicho mara mbili au zaidi. Inaweza kusafirishwa kama mzigo hatarishi wa daraja la 9, kwa kifungashio maalumu na nyaraka zake, na gharama yake kwa likizo ya wiki tatu haina maana. Hata ikifika, fundi wa baiskeli wa Lushoto au Tanga atakunyooshea rimu na kukufungia spoki kwa ustadi usioupata Freiburg kwa bei yoyote, lakini mota inayogoma hutambuliwa kwa kompyuta na programu ya mtengenezaji mwenyewe, na hapo atakuwa amefungwa mikono.

Ushauri wangu ni uiache ya umeme Freiburg na kuja na ile ya enduro uliyonayo sasa, usiiuze. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na kupanda kwa karibu mita 1,000, na daladala zinapanda njia hiyo kutwa nzima, mzungumze tu na kondakta kuhusu nafasi ya baiskeli juu. Ikiwa bado unataka msaada wa umeme huko, uliza dukani swali moja kabla ya kulipa: je, baiskeli hii inaweza kutembea kwa betri ya ziada ya wati-saa 160 peke yake, betri kuu ikiwa imetolewa? Kama jibu ni ndiyo na wamekuonyesha kwa macho, utaiacha betri kuu Ujerumani, utaomba kibali cha shirika la ndege kwa maandishi kabla ya siku ya safari, utaziba vituo vya umeme vya betri hiyo kwa utepe, na utaibeba mkononi ndani ya ndege. Betri za kati ya wati-saa 100 na 160 huruhusiwa zisizozidi mbili kwa abiria, kwa idhini ya shirika. Kwa hesabu ileile ya Rosskopf, wati-saa 160 zitakutosha kupanda mara moja na nusu, kwa hiyo zitunze kwa ajili ya mlima wa jioni wa kurudi nyumbani.